Waya ya kijani iko, lakini friji inatekenya mkono: boksi la breka likaguliwe vipi?

MkaaziTudor

Assalaam aleikum mafundi na wajuzi wa stima.

Nyumba ni ya zamani, iko Tudor, Mombasa, vyumba vitatu, paa la mabati na dari ya mbao. Stima ni ya fezi moja, mita ya tokeni. Ukipitisha nyuma ya mkono kwenye mlango wa friji ukiwa pekupeku, wahisi mtetemo kama sisimizi wanakutembea. Mashine ya kufulia ni vivyo hivyo. Ukivaa ndara, hakuna kitu.

Boksi lina nafasi kumi za breka, na mbili ziko wazi bila kizibo. Swichi kuu ni ya ampea 63, inakata laivu (waya ya moto) na nyutro (waya ya kurudi) pamoja. Kisha kuna breka mbili za 6 za taa, mbili za 32 za soketi za vyumbani na sebuleni, moja ya 40 ya soketi za jikoni (zamani ilikuwa 20, ikabadilishwa kwa sababu ilikuwa ikikatika kila mara), moja ya 32 ya shawa ya maji moto, moja ya 32 ya jiko la umeme na moja ya 20 ya AC. Kifaa cha RCD, kile kinachokata stima mkondo ukivuja, hakuna kabisa.

Nimepima kwa multimita kwenye soketi ya jikoni: laivu kwa nyutro volti 238, laivu kwa erthi 131, nyutro kwa erthi 107. Waya za kijani, yaani za erthi, zimefika kila soketi na zimekazwa.

Fundi wa kwanza asema erthi iko kwa sababu waya iko, na kwamba mtetemo ni unyevu wa pwani tu. Wa pili ataka kuunganisha erthi na nyutro ndani ya boksi, asema mtetemo utaisha dakika hiyo hiyo. Nani yuko sawa? Na boksi lenyewe likaguliwe nini na nini kabla ya kumlipa mtu?

FundiLikoni

Waaleikum salaam. Hakuna aliye sawa kati ya hao wawili, na huyo wa pili ni hatari.

Angalia namba zako mwenyewe: 131 na 107 ukizijumlisha wapata 238, sawasawa na volti za laivu kwa nyutro. Hiyo ndiyo alama ya erthi inayoelea. Friji, mashine ya kufulia, televisheni na chaja za kompyuta zina kapasita ndogo ndani, moja kutoka laivu hadi kwenye bodi (chuma cha nje cha chombo) na nyingine kutoka nyutro hadi kwenye bodi, za kuzuia kelele za umeme. Erthi ikiwa imeshika ardhi, uvujaji huo mdogo unateremka chini bila wewe kujua. Erthi ikiwa haikushika, zile kapasita zinagawana volti karibu nusu kwa nusu, na bodi ya friji inakaa kwenye volti mia na kitu. Mkondo ni mdogo, ndiyo maana unatekenywa tu. Lakini siku koili ya mashine ya kufulia itakapopasuka na laivu kugusa bodi, waya ile ile ya kijani itaipeleka laivu kwenye friji, kwenye jiko na kwenye kila kitu chenye pini tatu. Breka haitakatika, kwa sababu mkondo hauna njia ya kurudi. Utakayekuwa njia ni wewe.

Kuhusu kuunganisha erthi na nyutro ndani ya boksi: kweli mtetemo utaisha papo hapo, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Nyutro yako inatoka kwenye nguzo hadi kwenye mita kwa viungo ambavyo hewa ya chumvi inavila mchana na usiku. Kiungo kimoja cha nyutro kikiachia, taa zitazima, lakini laivu itapita ndani ya friji au balbu yoyote iliyowashwa, itokee kwenye nyutro, ipite kile kiungo alichoweka fundi, na bodi zote za vyombo zipande hadi volti 240. Watu watadhani stima imepotea, kumbe iko kwenye mlango wa friji. Nyutro na erthi zisikutane popote baada ya mita. Mwambie hapana, na ukikuta soketi ambayo mtu ameruka kijiwaya kutoka nyutro hadi pini ya erthi, kiondoe siku hiyo hiyo.

Kibirigizi

Kabla ya kufukua chochote, kuna jaribio la haraka. Chukua globu ya wati 60 ya zamani, ile ya uzi, waya moja kwenye laivu na nyingine kwenye erthi. Ikiwaka sawa, erthi ni nzima. Isipowaka, imekatika.

Mpimaji_Mvita

Ndugu Kibirigizi, nakuomba sana usimfundishe mtu jaribio hilo kwenye nyumba isiyo na RCD. Kama erthi inaelea, ile globu inakuwa daraja: inapeleka laivu kwenye waya za kijani za nyumba nzima. Globu haiwaki, anayepima anajikuna kichwa, na dakika hiyo mtoto jikoni ameshika mpini wa friji. Mkondo unaoweza kupita kwenye globu ya wati 60 ni robo ampea na zaidi. Moyo husimama kwa chini ya hapo.

Halafu hata ikiwaka haijathibitisha kitu. Globu hiyo ikiwa moto ina ukinzani wa kama omu 960. Weka erthi mbovu ya omu 100 mfuatano nayo, globu bado itapata volti 217 hivi na itang'aa vizuri tu.

Multimita nayo ina mpaka wake. Kwa MkaaziTudor imefaa kwa sababu erthi haipo kabisa. Lakini ingekuwa kuna fimbo ya erthi iliyokitwa ardhini yenye omu 1,000, multimita ingeonyesha 238 laivu kwa erthi na kila mtu angefurahi, kwa kuwa yenyewe haivuti mkondo wowote wa maana. Kitu kinachothibitisha ni kipima mzunguko wa erthi, kinachovuta mkondo wa kweli kupitia erthi na kukupa jibu kwa omu. Kipimo cha vigingi vitatu ni kizuri zaidi kwa fimbo yenyewe, ila chataka uwanja: kigingi cha mkondo umbali wa mita 30 hivi, kile cha volti kwenye asilimia 62 ya umbali huo, na waya ya fimbo ifunguliwe kwanza huku swichi kuu imezimwa. Kwenye vichochoro vya Mji wa Kale hutapata pa kukita vigingi, kwa hiyo huko watu hupima mzunguko. Fundi akija bila kifaa chochote kati ya hivyo viwili, hana namna ya kukwambia erthi ni nzima, hata awe na uzoefu wa miaka mingapi.

Sasa fuata waya ya erthi kutoka kwenye boksi hadi inapoishia. Hilo waweza kulifanya kwa macho. Nyumba nyingi za rika la hiyo yako zilifungwa erthi kwenye bomba la maji la chuma. Siku bomba lilipooza likabadilishwa kwa la plastiki, erthi ilikwenda nalo, na hakuna aliyeona tofauti kwa sababu taa ziliendelea kuwaka.

BintiWaBreka

Ya erthi yamesemwa. Mimi nijibu ya boksi, kwa sababu hiyo breka ya 40 ya jikoni inanitia wasiwasi sawa na erthi yenyewe.

Usalama kwanza. Tokeni kuisha si kuzima stima. Waya zinazoingia kwenye mita zina moto saa zote, na zile zinazotoka kwenye mita hadi juu ya swichi kuu zina moto hata ukizima swichi kuu. Hizo usiziguse, na lakiri ya Kenya Power usiikate. Kazi ya ndani ya boksi ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya. Wewe simama pembeni na tochi, ujue anachotakiwa kuangalia.

Kabla ya kufungua kifuniko, nyumba ikiwa inatumia stima nyingi (jiko, shawa, AC), gusa kwa mgongo wa mkono uso wa plastiki wa kila breka. Vuguvugu ni kawaida. Ikiwa moja ina joto kuliko jirani zake wenye mzigo sawa, huenda skrubu yake imelegea. Nusa: harufu kama ya samaki aliyeoza karibu na boksi ni plastiki inayoungua polepole. Mlio kama wa nyuki ni kiungo kinachocheza. Zile nafasi mbili zilizo wazi zizibwe kwa vizibo vyake. Mjusi akiingia na kulala kati ya laivu na nyutro ndio mwisho wake na wa boksi.

Swichi kuu ikishazimwa, kipimaji kijaribiwe kwanza kwenye sehemu yenye moto, kisha kwenye waya zilizozimwa, kisha tena kwenye yenye moto. Testa ya bisibisi ile ya taa ndogo haitoshi hapa.

Kifuniko kikishatoka, hesabu. Breka nane maana yake laivu nane, nyutro nane, erthi nane (saketi ya soketi ya duara ina mbili mbili). Erthi zikiwa pungufu kuliko laivu, kuna saketi isiyo na ulinzi, na mara nyingi ni ya taa, kwa kuwa watu waliona taa hazihitaji. Taa zikiwa na kava la chuma, zinahitaji. Nyutro na erthi zifuate mpangilio mmoja na breka: breka ya tatu, tundu la tatu la nyutro, tundu la tatu la erthi. Boksi lisilofuata hivyo halikatazwi, ila siku ya kutafuta hitilafu litakula saa nzima.

Kisha kila waya ivutwe kwa mkono, si kwa nguvu. Inayotoka haikukazwa. Angalia kama skrubu imeuma ganda la plastiki badala ya shaba. Hiyo inashika kwa miezi kadhaa halafu inaanza kuchemka. Waya mbili za unene tofauti zisikae chini ya skrubu moja, kwa sababu nene inabanwa na nyembamba inabaki ikicheza. Shaba yenye utandu wa kijani ikatwe hadi kwenye shaba safi, ivuliwe upya. Kukaza tu juu ya utandu ni kupoteza muda. Nguvu ya kukaza huandikwa kwenye breka yenyewe, mara nyingi Nm 2 hadi 3, na bisibisi yenye kipimo si ghali ukilinganisha na boksi jipya.

Sasa unene wa waya. Taa: waya ya 1.5 (milimita za mraba) na breka ya 6 au 10. Soketi za mstari mmoja: 2.5 na breka ya 20. Soketi za duara, ambapo waya ya 2.5 inatoka kwenye breka, inazunguka na kurudi kwenye breka ile ile: 32 inaruhusiwa. Shawa ya kilowati 5.5 inavuta ampea 23, lakini breka yake ni ya 32, kwa hiyo waya iwe ya 6. Jiko: 6. Waya za kutoka kwenye mita: 16.

Hizo breka mbili za 32 za vyumbani na sebuleni zina sharti moja. Lazima ukute laivu mbili chini ya kila moja. Zizimwe, ncha zote mbili zitolewe, zipimwe mwendelezo kutoka ncha hadi ncha, laivu, nyutro na erthi kila moja peke yake. Laivu na nyutro zitoe omu zinazolingana. Erthi ikiwa nyembamba itasoma juu zaidi. Duara likikatika mahali, soketi zote zitaendelea kufanya kazi lakini mzigo wote utapita upande mmoja. Na ukikuta laivu moja tu chini ya breka ya 32, hiyo si duara, ishushwe hadi 20.

Jikoni ndipo penye kosa kubwa. Waya moja ya 2.5 ndani ya paipu hubeba ampea 24 hewa ikiwa nyuzijoto 30. Juu ya dari yako, chini ya mabati ya Mombasa saa nane mchana wa Februari, si 30. Kwa nyuzijoto 45 waya hiyo hubaki na asilimia 79 ya uwezo wake, yaani ampea 19. Umeipa breka ya 40. Birika na oveni vikiwashwa pamoja, waya itachemka kwenye mbao za dari na breka haina habari. Ile ya 20 ilikuwa ikikatika kwa sababu ilikuwa inafanya kazi yake. Rudisha 20, vuta saketi ya pili kwa birika na oveni.

Mwisho, fundi apime ukinzani wa maganda kwa volti 500 za DC, vyombo vyote vikiwa vimechomolewa na balbu zimetolewa: laivu na nyutro pamoja kwa erthi. Chini ya megaomu 1 saketi hiyo isiwashwe. Nyumba za pwani zenye soketi kwenye ukuta unaovuta unyevu huangukia hapo mara nyingi, na tiba ni kutafuta soketi yenye maji, si kupandisha breka.

MkaaziTudor

Ahsanteni sana. Nimefuata waya ya erthi kama mlivyosema. Inatoka kwenye boksi, ni ya 6, inapita ukutani hadi nje karibu na jiko la zamani, na imefungwa kwa klipu ya chuma yenye kutu kwenye kipande cha bomba cha urefu wa mkono mmoja. Bomba limekatwa pande zote mbili. Maji yanapita kwenye plastiki. Soketi za jikoni ni laivu moja tu, si duara.

Fundi mwenye leseni amekubali kukita fimbo. Uwanja ni mchanga juu, na futi tatu chini ni jiwe la matumbawe. Fimbo ya mita 1.2 yatosha?

FundiLikoni

Jiwe la matumbawe ndilo linalotusumbua kisiwani kote. Jua kwanza kwamba urefu ndio dawa, si unene. Fimbo ya mita 1.2 yenye kipenyo cha milimita 16, kwenye udongo wa ukinzani wa omu-mita 100, hutoa omu 72 hivi. Ukiongeza unene mara mbili washuka hadi 62 tu. Ukiongeza urefu mara mbili kwa kuunga fimbo ya pili chini ya ya kwanza, washuka hadi 40. Mchanga mkavu ukinzani wake ni mara kumi ya huo, na omu zako zitapanda mara kumi vilevile.

Kwa hiyo usikite mchangani ukaridhika. Fimbo ikigoma kwenye jiwe, usiikate kichwa ukaiacha fupi. Hilo hufanyika sana, kwa juu huoni tofauti. Toboa jiwe kwa drili, shusha fimbo, jaza tundu kwa bentonaiti (udongo wa mfinyanzi unaoshika maji) iliyokorogwa na maji. Au kita fimbo ya pili mbali na ya kwanza, umbali usiopungua urefu wa fimbo, ukaziunge kwa waya ya 16. Mahali pazuri ni panapopata maji, karibu na mifereji ya paa. Chumvi usimwage shimoni: omu zitashuka mwezi mmoja, kisha chumvi itaila fimbo.

Klipu iwe ya shaba nyekundu au ya njano, isiwe ya chuma kama ile ya bomba la gari. Ikikazwa ipakwe grisi na izungushiwe utepe wa kuzuia kutu, na kichwa cha fimbo kiwe ndani ya kisanduku chenye mfuniko ili kiweze kufunguliwa. Ukizika kiungo chini ya saruji hutakikagua tena.

Mpimaji_Mvita

Niongeze hesabu moja, kwa sababu watu hukita fimbo wakadhani wamemaliza. Hata ukipata omu 20, ambazo ni nzuri mno kwa kisiwa, hitilafu ya laivu kwa bodi itavuta 240 gawanya kwa 20, yaani ampea 12. Breka ya 32 haitikisiki kwa ampea 12. Bodi itakaa na moto usiku kucha, na mita ikila tokeni.

Kwa nyumba inayotegemea fimbo, RCD si anasa. Ya miliampea 30 inakata hata erthi ikiwa mbaya kiasi, ila lenga chini ya omu 200 ili isiwe ya kubahatisha msimu wa kaskazi ardhi ikikauka. Nunua aina ya A, kwa kuwa mashine za kufulia na AC za inveta huvuja mkondo ambao RCD ya aina ya AC (hapa AC si kiyoyozi) huenda isiuone. Usiweke moja kwa nyumba nzima. Gawa mbili, friji na taa za ukumbini zisikae pamoja na shawa na jikoni. Kila RCD iwe na baa yake ya nyutro, yaani kipande chake cha kufungia waya za nyutro.

Kitufe cha majaribio kibonyezwe kila mwezi, hewa ya chumvi hukamata springi. Na kitufe hicho hupima RCD peke yake. Kitakata vizuri hata kama waya ya erthi imeng'olewa.

MkaaziTudor

Fimbo mbili zimekitwa, moja kwenye jiwe lililotobolewa na bentonaiti, zimeungwa kwa waya ya 16. Kipimo cha vigingi ni omu 46. Sasa laivu kwa erthi 237, nyutro kwa erthi 1.6. Friji haitekenyi. Jikoni imerudi 20 na saketi mpya imevutwa.

Tatizo jipya: RCD mbili zimefungwa, na ukiwasha taa ya ngazi tu, moja inakata. Kila kitu kingine sawa. Fundi ataka kuirudisha RCD hiyo dukani.

BintiWaBreka

Asirudishe, RCD ni nzima. Taa ya ngazi yenye swichi mbili, ya chini na ya juu, kwenye nyumba za zamani huchukua laivu kwenye saketi moja ya taa na nyutro kwenye nyingine. Zamani nyutro zote zilikuwa baa moja, haikuonekana. Sasa umeme unatoka kwa RCD ya kwanza na kurudi kwa ya pili, kila moja inaona upungufu, na iliyo nyepesi zaidi inakata.

Azime zote mbili, atoe nyutro za saketi mbili za taa kwenye baa, ajue ya ngazi inakwenda wapi. Akiweza kuvuta nyutro mpya ya 1.5 kutoka kwenye saketi ile ile inayotoa laivu, ndiyo njia safi. Asipoweza kwa sababu ya paipu kujaa, ahamishe saketi zote mbili za taa kwenye RCD moja, na nyutro zao mbili kwenye baa ya RCD hiyo. Kisha aandike kwenye kifuniko kwamba saketi hizo mbili zina nyutro ya pamoja, ili atakayekuja kubadilisha taa azime breka zote mbili kabla ya kugusa.